Mkanda wa Kukagulia

Siku ile naikumbuka kuliko ninavyopenda kuikumbuka, mwanangu, na wewe ndiye uliyeniamshia juzi Jumamosi. Ulisimama gereji kwangu hapa Kiseke, ukaniamkia vizuri, ukasema umepata gari dogo la bei nafuu, na kwamba wewe na wenzako watano mnataka kuanza mashindano ya uwanjani, magari yakienda ubavu kwa ubavu. Nikafurahi. Kisha ukaangalia ukutani, ukaona mkanda wa mabega mawili umening'inia kwenye msumari, ukasema, "Baba mdogo, niazime ule. Ni wa kukagulia tu, jioni narudisha."

Nikakufukuza. Mke wangu alinisema siku nzima kwa kumfukuza mtoto wa Bujiku kama mwizi. Sasa nakuandikia, maana hasira yangu ikipitia mdomoni haina mpango, na hili nataka ulielewe lote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Magari makuukuu ya Kijapani yalianza kuingia Mwanza kama mchezo, viwanda vya minofu ya sangara vikafunguliwa kando ya ziwa, na sisi tuliokuwa na leseni tukapata kazi ya kuendesha pikapu za samaki. Mimi na baba yako tulikuwa kiwanda kimoja. Barafu ikiyeyuka samaki wanaharibika, kwa hiyo tulizoea kukimbia tukiwa kazini, halafu tukajiona madereva. Kijana akishafika salama mara tatu kwa mwendo wa kipumbavu, huanza kuamini kuwa ule ni ufundi.

Kule Buswelu, wakati huo kukiwa bado mashamba na mawe, palikuwa na ghala la pamba lililobaki bila pamba, na mbele yake uwanja mpana wa changarawe ambako malori yalikuwa yakigeuzia. Tukapanga mapipa, kwenye kona tukarundika matairi ya malori, ukawa uwanja wetu wa Jumapili. Tulikuwa na magari matano, yote yaliyokwisha kukataliwa na barabara. Langu halikuwa na taa hata moja. La baba yako lilikuwa na mlango wa kijani na mwingine mweupe. Hivyo ndivyo asiye na kitu anavyoanza mchezo huu, na sikukasirikia gari lako, ulielewe hilo. Gari bovu lenye breki nzima linatosha kuanzia.

Aliyetusimamia alikuwa Mzee Rwegasira, fundi bodi kutoka Bukoba, Mlutheri asiyekosa ibada. Mpaka ibada iishe na yeye afike, hakuna aliyewasha injini. Alikuwa akilala chini ya kila gari na ovaroli yake ya kazi, anashika bomba za breki kwa vidole, anatazama matairi, anavuta mkanda kwa nguvu zake zote, anauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Akiridhika anachora alama ya chaki mlangoni. Bila chaki huingii. Na kila Jumapili alirudia neno lile lile: mwenzako akifika usawa wa mlango wako, ile kona si yako peke yako tena, mwachie upana wa gari lake. Tulikuwa tunamwigiza akigeuka. Tulimwona mzee mwoga tu, mtu wa kahawa na ndizi za kwao.

Katika magari yale matano, mkanda wa maana ulikuwa mmoja. Ulikuwa wa baba yako. Aliupata kwa dereva mmoja wa rali aliyepita Mwanza, akamtengenezea gari siku mbili bila malipo, akapewa mkanda. Sisi wengine tulikuwa na ile mikanda iliyokuja na magari, ambayo kifungo chake ukikigusa kinaachia. Basi tukabuni ujanja. Gari la Bujiku lilikuwa linakaguliwa la kwanza. Likishapata chaki, na mzee akienda kunywa uji wake kwenye kivuli cha ghala, tunafungua boliti, mkanda unapita dirishani kwenda gari langu, kisha kwa wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa tano. Ujanja huo ulituchekesha kuliko mashindano yenyewe. Mkanda mmoja unakagulika mara tano. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini sisi tulikuwa tunajua kuliko wazee.

Kanuni yetu ilikuwa mkanda urudi kwa mwenyewe kabla ya kuanza. Jumapili hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kukaguliwa. Baba yako akaja dirishani na spana mkononi, akasema nimpe mkanda wake. Nikamwambia, "Boliti zimeng'ang'ania, Bujiku. Ni mizunguko kumi tu, vaa ule wa kwako wa zamani."

Akanitazama kidogo. Kisha akasema haya, akarudi kwenye gari lake, kwa sababu alikuwa mtu anayeamini anachoambiwa na rafiki yake.

Mzunguko wa tisa nilikuwa mbele. Nikaona ule mlango wa kijani unapanda ubavuni kwangu tukiingia kona ya ghala. Alikuwa amefika usawa wa mlango wangu, mwanangu. Alifika. Nilimwona waziwazi, na neno la Mzee Rwegasira lilinijia kichwani, na bado nilikata usukani nikamfungia njia, kwa sababu sikutaka watu walioketi juu ya mawe waseme Bujiku amempita. Gurudumu lake la mbele likapanda juu ya la kwangu. Gari likapiga matairi, likabinuka, likaangukia ubavu. Kile kifungo kikaachia kama kilivyozoea. Akatoka nusu kupitia dirishani, na gari likalala juu ya bega lake la kushoto.

Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mkanda wake ulinishika vizuri sana.

Tulilinyanyua gari kwa mikono, tukampakia kwenye pikapu ya samaki kumpeleka hospitali. Pikapu ilipoondoka, mimi nikabaki, na Mzee Rwegasira akaenda kwenye gari la baba yako, akaingiza mkono ndani, akaona mahali mkanda ulipokuwa pametobolewa matundu matupu. Akaja kwenye la kwangu. Akavuta mkanda, ukamshikia. Nilisubiri anipige, na ningeshukuru. Alivua miwani akaifuta, akasema polepole:

"Hukunidanganya mimi, kijana. Mimi sikuwa ndani ya gari."

Akaifuta kwa kiganja ile alama yake ya chaki mlangoni kwangu, na hakukanyaga tena Buswelu. Nasi hatukushindana tena.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo mtupu. Mimi sikusikia la mkuu, na aliyevunjika ni mwingine. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikufokee mbele ya wateja. Umekua ukimwona baba yako akivaa shati kwa kusaidiwa, ukaambiwa alianguka kwenye lori. Hakuanguka kwenye lori. Alisema hivyo pale hospitali kwa sababu babu yako angenitafuta kwa fimbo, na kiwanda kingenifukuza. Alipoteza mkono na kazi kwa siku moja, kisha akatumia pumzi aliyobakiwa nayo kunificha mimi. Na alipotoka, akanipa ule mkanda. Alisema yeye haendeshi tena, nikae nao. Ndio ule uliouona kwenye msumari. Ulikuja kuniazima mkanda wa baba yako, kwa kazi ile ile.

Sasa sikiliza. Gari lako endelea nalo. Anza na breki, halafu matairi, halafu mkanda na kiti, kisha kofia ngumu. Ukibakiwa na kitu ndipo ufikirie injini. Ule mlio wa ekzosi ulioniringia Jumamosi ndio wa mwisho kabisa, na ukiukosa hufi. Kama mna mkanda mmoja, basi mna gari moja: shindaneni na saa, mmoja mmoja, mpaka mpate wa pili. Miezi ya kwanza kaa nyuma ujifunze kupitwa, maana anayejua kupitwa bila kukasirika ndiye wa kuaminiwa ubavuni. Mwenzako akifika usawa wa mlango wako, mwachie nafasi, hata kama uwanja mzima unakuzomea. Na mkaguzi akikuuliza kitu ambacho huna, sema sina, urudi nyumbani. Aibu ya kurudi nyumbani inaisha Jumatatu.

Ule mkanda wa ukutani sikupi, si wa kuazima wala wa kuchukua. Nyuzi zake zimekwisha kwa umri. Njoo nikusaidie kutafuta mwingine mzima, na mimi mwenyewe nitalala chini ya gari lako na kulikagua. Sina miwani ya Mzee Rwegasira, lakini chaki ninayo.

Kuna jambo moja limebaki, na sijawahi kumwambia mtu. Boliti hazikuwa zimeng'ang'ania. Zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Baba yako halijui hilo mpaka leo. Anadhani ilikuwa bahati mbaya. Ukimaliza kusoma, mpe karatasi hii, umwonyeshe hapa. Mwambie Jumapili baada ya ibada nitakuja kwenu huko Buswelu, na kama atafunga mlango, nitakaa nje.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, mwanangu, ayalinde macho yako na mikono yako, na kila jioni akurudishe kwa mama yako ukiwa na mabega yote mawili.