Kikombe cha Anande

Wifi yangu Evaresta hajui kuegemea kiti. Hukaa ukingoni, kama mtu aliyepita tu kusalimia, masikio yote yako jikoni. Ukimwambia, "Kaa vizuri, wifi," anakujibu, "Nimekaa." Muongo. Tangu binti yake Anande alipopata degedege la malaria akiwa mdogo, kisha akaanza kuanguka kifafa, mwanamke huyu hajakaa.

Ni Mchaga wa Rombo, aliolewa na marehemu kaka yangu hapa kwetu Kikwe. Wachaga kwa biashara hawajambo, basi alipoletwa tulimtania sana kwamba atageuza migomba yetu kuwa duka. Hilo duka angelifungua saa ngapi? Anateka maji na Anande, anapalilia na Anande, anaenda kanisani na Anande. Siku moja tu alimwacha ili akate majani ya ng'ombe, na msichana akaangukia mafiga yenye moto. Mkono wake wa kushoto una kovu mpaka kwenye kiwiko.

Halafu kulikuwa na kile kikombe. Cha bati, cha kijani, kimetundikwa kwenye msumari wake peke yake, mbali na vikombe vya watu. Aliyekitundika ni mama yangu mzazi, Bibi Prisca, kwa sababu wazee wetu wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Anande alikinywea Krismasi, alikinywea msibani, alikinywea hata siku ya kipaimara chake, wageni wamejaa uani. Mimi kikombe kile nilikichukia. Lakini kubishana na mama yangu ni kujichosha bure, na Evaresta, mtoto wa watu, angeanzia wapi?

Ilikuwa mwaka 2015. Mdogo wangu Rodrick alikuwa anafanya kazi kwenye shirika fulani, amejenga Njiro, kule Arusha mjini, nyumba yenye ukuta mrefu utadhani anafuga simba. Jumapili moja akaja na habari. Madaktari wa ubongo kutoka nje wanakuja mjini, na watachagua wagonjwa wachache wa kupelekwa kwao kutibiwa kwa leza. Akatuonyesha video kwenye simu. Wanatoboa tundu dogo kwenye fuvu, wanapitisha uzi mwembamba hadi ndani ya ubongo, na mwanga wa ule uzi unachoma pale tu kifafa kinapoanzia. Baada ya siku chache mgonjwa yuko nyumbani kwake.

"Moto tena?" Evaresta akauliza.

"Huu ni moto wa kitaalamu, shemeji."

Anande alikuwa ameshakuwa mwanamke mzima. Aliomba arudishiwe ile video, akaitazama tena mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba mdogo, wakishanichoma, nitanywea vikombe vya watu?"

"Utanywea chochote unachotaka, mama."

Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku. Roho iliniuma. Huyu mtoto hakuota mume wala safari ya ndege, aliota kikombe.

Picha ya kichwa ilipigwa hospitalini mjini, tukaambiwa turudi kuonana na daktari. Siku ya kurudi, Evaresta hakumpa Anande vidonge vyake vya kifafa vya kila siku, na jana yake pia hakumpa. Hakuna aliyemshauri. Ila kila mtu kwetu anajua kwamba ugonjwa huona haya mbele ya daktari: unatetemeka na homa kutwa nzima, ukifika zahanati mwili umepoa, unapewa panadol na kurudishwa. Evaresta aliogopa daktari atamkuta binti yake anang'aa, nafasi apewe mwingine.

Basi Anande akaanguka palepale tuliposubiri, kwenye sakafu ya vigae, akajiuma ulimi. Nimemwona akianguka mara nyingi, lakini haikuwahi kuwa vile, anatulia kidogo, kifafa kinaanza upya. Evaresta alimshika kichwa huku akiangalia mlango wa daktari.

"Muite, wifi! Muite aje aone!"

Daktari, kijana wa hapahapa Arusha aliyekuwa akisaidiana na wale wageni, alitoka mbio, akamlaza kiubavu, akaagiza sindano. Anande alipotulia akalala, ndipo daktari akauliza mara ya mwisho alimeza dawa lini. Evaresta akasema kweli. Afadhali angefokewa.

"Mama, mimi nauamini ugonjwa wake bila kuuona," daktari alisema taratibu. "Angeweza kukufia hapa."

Kisha akawasha ile picha. Makovu ya malaria yalikuwa pande zote mbili za ubongo, na leza inataka mahali pamoja tu pa kuchoma. Anande hakufaa, na hata kama angeanguka mara mia asingefaa. Abaki na vidonge, waongeze kipimo, na asikose hata siku moja. Tulipokuwa tunaondoka akatuambia pia kwamba kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kitu kingine.

Rodrick alituendesha hadi Kikwe. Mama alikuwa ametuwekea chai.

"Wamemchoma?"

"Hawamchomi, mama," Evaresta akajibu.

Anande, ulimi umevimba, akanyoosha mkono kwenye msumari wake kwa mazoea. Evaresta akamuwahi. Akakitungua kile kikombe cha kijani, akakijaza chai, akanywa yeye, ya moto vilevile. Halafu akatoa kabatini kikombe chenye maua, kile cha wageni, akamjazia binti yake, akamkabidhi mkononi.

"Evaresta!" Mama yangu akasimama. "Utaanguka na wewe!"

Evaresta akavuta kiti, akakaa, akaegemea.

"Nikianguka, mama, mniache hapohapo chini. Nitakuwa nimepumzika."