Tarehe ya Kuhama Moshono

Magreth alianza kuuza mtori pembeni mwa soko la Kilombero tangu binti yake Ruth akiwa wa kubebwa mgongoni, na wapo watu hapa Arusha wanaolijua sufuria lake kuliko wanavyolijua jina lake. Mtori wake ulikuwa mzito, ndizi na nyama zimepondwa pamoja mpaka hujui ipi imeanzia wapi. Wanawake waliotoka kujifungua walitumiwa huo. Wanaume walioamka na pombe za jana walikunywa huo huo, kimya kimya, wakilipa bila kumtazama usoni. Na mwaka huu mumewe, Philemoni, hakuweza kumeza kitu kingine chochote, na hata huo mtori ilibidi uchujwe kwanza.

Philemoni alikuwa dereva wa lori la mchanga. Nyumba nyingi za maana kuanzia Njiro mpaka Sakina, yeye ndiye aliyezipelekea mchanga na kokoto, na akipita barabarani na mke wake alikuwa na kitabia cha kuzionyesha kwa kidole utadhani ni zake. Yeye mwenyewe alipanga nyumba za watu maisha yake yote. Shamba la baba yao kule Poli lilikuwa limegawanywa kwa vizazi hata likabaki la kaka mkubwa, Sifaeli, na migomba inayohesabika. Kiwanja walikuwa wakisema watanunua mwakani. Mwakani ikawa inasogea mbele nao wakiifuata, mpaka siku tonge la ugali lilipomkwama Philemoni kooni, na daktari akasema ni saratani, na kwamba wamechelewa.

Habari za ugonjwa zilimfikia mwenye nyumba wao wa Kijenge. Jumapili moja baada ya ibada alikuja, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Mama Ruth," alisema, "mimi sina ubaya na mtu. Ila yakitokea mambo makubwa, mjipange mapema kwa ndugu zenu. Hapa nina wapangaji wengine. Turubai uani kwangu hapana."

Mtu mzima alisema hayo, ametoka kupokea chakula cha Bwana, na mgonjwa yuko nyuma ya pazia. Koo la Philemoni lilikuwa bovu lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mgeni alipoondoka, alimwita mkewe akamwambia kwa ile sauti iliyobaki:

"Kuzikwa nitazikwa Poli kwa baba. Sina neno. Lakini kabla ya hapo nitafutie mlango wangu, Mama Ruth. Niingie kwangu. Nisitolewe kwa mtu."

Basi Magreth akatafuta. Akiba ya kiwanja, fungu lake la kikoba na alichotuma Ruth kutoka Dodoma, vyote vikaingia kwenye nyumba moja ya Moshono, nyumba ya kawaida ya tofali, sebule, vyumba vitatu, na migomba michache nyuma. Aliyeiuza, Abdiel, alikuwa amehamia Usa River kwa mwanawe. Nyumba ilikuwa na wapangaji, lakini dalali akasema hao hawana shida, ni watu wa kuhama tu. Madalali huhamisha watu kwa mdomo, mizigo wanawaachia wengine.

Wapangaji wenyewe walikuwa vijana wawili, Lesian, fundi wa kuweka vigae, na mke wake Naipanoi, watu wa Kisongo, na tumbo la Naipanoi lilikuwa kubwa. Magreth alipokwenda kwao mara ya kwanza kupanga tarehe, walimwamkia shikamoo wote wawili, wakampa chai ya maziwa, na mazungumzo yakaenda vizuri kuliko alivyotegemea. Lesian alishapata nyumba karibu na kwao Kisongo, ilibaki kuezekwa jiko. Wakakubaliana watatoka Jumamosi, kesho yake iwe Jumapili ya Matawi. Mtoto alitarajiwa baada ya Pasaka, kwa hiyo angezaliwa wakiwa wameshatulia huko.

"Mama, mnawahi nini kwani?" Lesian aliuliza, si kwa ubishi, kwa kutaka kujua tu. "Ungetupa mpaka mwisho wa mwezi wa nne ningemaliza na choo."

Hapo ndipo Magreth alipokosea, na alikosea kama ambavyo angekosea mwanamke yeyote wa Kimeru aliyelelewa akalelewa. Ugonjwa wa mume hausemwi kwa watu usiowajua. Kumtaja mtu kifo angali anapumua ni kama kukiitia. Akatazama ukuta, akasema jambo la kwanza lililomjia.

"Nataka kupaka rangi kabla ya Pasaka."

"Ah, rangi," Lesian akasema, na wakaachana kwa amani.

Philemoni aliipokea tarehe ile kwa furaha ambayo Magreth alikuwa ameisahau. Aliuliza dirisha la sebule linatazama wapi. Alipoambiwa kwamba asubuhi isiyo na mawingu mlima wa Meru unaonekana wote, alifumba macho akatabasamu. Tangu siku hiyo akawa anakubali kunywa kikombe kizima, kwa nia ya kufika Jumamosi.

Wiki ile ya kuhama, Jumanne, Lesian alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka huku anaogopa.

"Mama, shikamoo. Mtoto amewahi. Wa kiume. Mama na mtoto wazima."

Magreth alisema Bwana asifiwe, akasema hongereni sana, akakata simu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijua maana yake. Lakini alijiambia kwamba Jumamosi ni Jumamosi. Gari lipo, mzazi atakaa mbele kwa dereva, mtoto atafunikwa vizuri, Kisongo si mbali na lami ipo. Watu wanajifungua wakiwa vitani. Atakwenda kuwaambia hivyo kwa adabu, na wataelewa.

Tatizo lake lilikuwa moja. Hakujua kuingia nyumba ya mzazi mikono mitupu. Asubuhi yake alimchujia Philemoni kikombe chake, na uliobaki sufuriani, ule mzito wenye nyama, akaujaza kwenye chupa ya chai kubwa, akafunga na kitenge kipya, akaenda Moshono kuwatoa watu.

Aliyempokea mlangoni alikuwa mama yake Lesian, bibi mrefu aitwaye Silantoi, aliyefika kutoka Kisongo jana yake na kuitawala nyumba nzima. Kondoo alikuwa ameshachinjwa. Harufu ya mafuta ilijaa mpaka uani.

"Karibu, mama wa nyumba," Silantoi alisema. "Ingia uone mgeni."

Naipanoi alikuwa amelala chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi. Alijaribu kuinuka, Magreth akamzuia. Akafungua chupa, akammiminia bakuli, akamshikia. Naipanoi alikunywa mtori ule wote bila kupumzika, kisha akashika mkono wa Magreth akauacha hapo hapo.

"Yeyo," Magreth alimwambia Silantoi walipotoka sebuleni. Aliita hivyo kwa heshima, kama wanavyoitwa akina mama wa upande ule. "Ile Jumamosi..."

"Lesian ameniambia," Silantoi alisema. "Nimemwambia haiwezekani. Kwetu mzazi havuki mlango na mtoto mpaka mtoto anyolewe nywele alizozaliwa nazo, apewe jina. Akitolewa kabla, anatolewa kama wanavyotolewa waliofukuzwa. Lakini nyumba ni yako. Ukisema watoke, watatoka, sitakugombeza. Wewe ni mama, sema mwenyewe."

Alisema polepole, bila kinyongo, na hilo ndilo lililomshinda Magreth. Angegombezwa angegomba, na pale sokoni hajapata kushindwa na mtu. Ilikuwa imebaki kutamka tu: mume wangu anakufa. Maneno matatu, na bibi yule, ambaye naye alikuwa amezika, angemwelewa. Yalifika mpaka mdomoni yakarudi. Tena, mtu uliyetoka kumshikia bakuli la uzazi unamwambiaje abebe mtoto aondoke?

"Wakae mpaka anyolewe," alisema. "Rangi itasubiri."

Akarudi Kijenge kwa miguu, mvua za masika zikimnyeshea, na hakuharakisha hata kidogo, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mtu wa kuelezwa.

Alimweleza. Philemoni alisikiliza akiwa ametazama ukuta.

"Uliwaambia naumwa?"

"Sikuwaambia."

"Mimi sina wiki za kuwapa watu, Mama Ruth." Alikuwa amekasirika kweli, kwa namna ambayo hajawahi kumkasirikia, na hakuwa na nguvu za kuionyesha hasira yote. "Unagawa ambacho si chako."

Ilikuwa kweli. Magreth alikaa miguuni kwake. Alitamani amtukane, amalize, kuliko kile kimya. Mvua ilikatika, ikaanza tena. Baadaye sana Philemoni aligeuza kichwa.

"Amezaa nini?"

"Wa kiume."

"Anafanana na baba?"

"Anafanana na watoto wachanga wote. Kama ndizi iliyomenywa."

Philemoni alicheka, na kicheko kikamuumiza, akashika koo. Kisha akasema, "Wewe ungewatoa, ningekushangaa." Hakusema kwamba amemsamehe, na Magreth hakuthubutu kumuuliza.

Pasaka ilipita. Philemoni aliisikia kengele ya usharika akiwa Kijenge, nyuma ya pazia lile lile. Jumatatu alizidiwa, Ruth akafika kutoka Dodoma, wakampeleka hospitali, na Jumatano asubuhi, manesi wakibadilishana zamu, Philemoni akafariki mkewe akimfuta midomo kwa pamba yenye maji.

Mwenye nyumba wa Kijenge alitoa pole. Alitoa kweli, na machozi yalimlenga. Lakini kuhusu turubai akasema walishaongea. Sifaeli akaamua: mwili utoke mochwari Ijumaa, uende moja kwa moja Poli, watu waagie huko, azikwe huko. Mchungaji akakubali. Magreth naye akakubali. Alikuwa kama mtu anayekubali kitu cha mtu mwingine.

Alhamisi mchana simu yake iliita katikati ya wanawake wa jumuiya waliokuja kumfariji. Alikuwa Lesian.

"Mama, shikamoo. Nina habari nzuri. Mtoto amenyolewa leo asubuhi. Jumamosi hii tunatoka bila kukosa, gari nimeshaliongea. Rangi yako unaweza kuanza Jumatatu."

Magreth alijaribu kusema asante. Kilichotoka kilikuwa kilio, na simu ikabidi aichukue Ruth. Ruth alimweleza kijana yote: ugonjwa, mlango alioomba baba yake, mwenye nyumba na turubai lake, Poli. Kisha Lesian akaomba apewe mama.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Ulituambia ni rangi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Tungetoka. Ningembeba Naipanoi mwenyewe mgongoni. Kwa nini hukusema?"

Mpaka leo ukimuuliza hilo atakuangalia tu.

Simu ikahamia kwa Silantoi. Bibi hakutoa pole kwanza. Aliuliza mwili unatoka saa ngapi. Magreth akamwambia, na akaongeza haraka kwamba anajua, kwao maiti na mtoto mchanga hawakai boma moja, wala hakuwa anaomba kitu.

"Kwetu ni hivyo," Silantoi alisema. "Tunaogopa sana. Lakini mjukuu wangu amelelewa kwenye nyumba ya huyo mzee, na mzee mwenyewe hajaiona. Hilo ninaliogopa zaidi. Mlete."

Ijumaa gari la mwili halikuelekea Poli moja kwa moja. Lilikata kushuka Moshono kwenye tope, magari mawili nyuma yake, Sifaeli akinung'unika kwamba wanapotezewa muda kwenye nyumba ya wapangaji. Walipofika, uani palikuwa pamefagiliwa na turubai limeshafungwa, Lesian na mafundi wenzake bado wana matope hadi magotini. Mizigo ilikuwa imesogezwa yote nyuma. Chumba cha ndani kilikuwa kimefungwa, na mbele ya mlango wake ameketi Silantoi kwenye kigoda, fimbo mapajani, mwenyewe ndiye kizuizi kati ya mtoto na kinachokuja.

Vijana wa Poli walilishusha jeneza, wakalibeba mpaka kibarazani. Hapo wakasita. Walikuwa hawajawahi kufika. Waliona viatu vya watu wengine mlangoni, na ndani bibi wasiyemjua, na vijana hao walikuwa wamefundishwa adabu. Aliyetangulia akatazama nyuma, akainua sauti akasema, "Hodi humu ndani!"

Magreth alifungua mdomo ajibu, akajikuta hajui kama yeye ni mwenyeji wa kuitikia au mgeni wa kuitikiwa.

Lesian akatoka. Alisimama pembeni ya mlango, akavua kofia, akawapisha.

"Mwenye nyumba hapigi hodi kwake," alisema. "Mpitisheni baba."