Koa kwenye Kitalu cha Kabeji

Mwaka ule wa mvua za El Nino, mama alikwenda Longisa kumuuguza dada yake hospitalini, akaniachia kitalu cha kabeji. Nilikuwa nimemaliza shule na hakuna chuo kilichoniita. Wenzangu walishatawanyika. Nilijiambia kwamba miche ile ikifa, mama hataniaminia kitu kingine tena.

Nikataka kuitunza kuliko mtu yeyote. Kwenye shamba letu la majani chai, tukishakata vichaka ili vichipue upya, matawi huachwa chini yafunike udongo. Nikayabeba mengine, nikayapanga kitaluni katikati ya miche, nikayapanga tena mpaka mistari ikanyooka. Kila asubuhi miche ilikuwa imepungua. Nilishuku kuku, kisha nikashuku mikono yangu, nikawa nainawa kabla ya kugusa udongo.

Jirani yetu, mama Mkisii aliyechuma chai kwenye mashamba makubwa, alipita akainua tawi moja.

“Wewe msichana! Umejengea koa hoteli, na chakula umewawekea mlangoni!”

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kwa aibu nilisahau hata kumkaribisha chai.

“Toa hii takataka yote, jua lipige udongo,” akasema, akaenda zake.

Jua lenyewe lilikuwa wapi mwaka ule?

Koa walikuwa wamejikunyata, kama konokono walionyang’anywa nyumba. Nilichuchumaa. Upande wa kulia wa kila mmoja palikuwa na tundu dogo lililofunguka na kujifunga polepole. Walikuwa wanapumulia hapo. Kando yao kulikuwa na mayai maangavu kama matone ya maji. Baadaye nilisoma kwamba koa mmoja ni dume na jike pia, na wengine hutaga bila mwenzi. Lakini hawa walilala wamegusana, pengine wasikauke tu. Niliwaonea wivu, nasema ukweli.

Kisha nikawaokota kwa kijiti, nikawatia kwenye majivu ya jikoni yawakaushe, nikatoa matawi yote.

Mama aliporudi alikuta miche michache, majani yametobolewa. Nilianza kujieleza kabla hajaketi: tundu, mayai, ute, matawi.

“Hii itatutosha,” akanikatiza. Akanitazama. “Kwani tangu niende umeongea na nani?”

Nilitafuta jina la kumtajia, nikakosa. Mama akaweka kikapu chini, palepale kwenye matope.

“Haya, anza tena polepole. Hao koa wanapumua wapi?”