Radhi ya Mwantumu

Siku ya kwanza Sadala kukutana na Mwantumu, alishindwa biashara. Ilikuwa mwaka sitini na sita, msimu wa machungwa, na mali yote ya Sadala ilikuwa baiskeli moja, matenga mawili na ulimi. Aliondoka Korogwe asubuhi akakanyaga baiskeli mpaka Kwemgunga, kijiji kidogo cha bondeni kwenye njia ya Handeni, ambako miti ilikuwa imeinama kwa kuzaa na wenyewe hawakuijua bei ya mjini. Matenga yale aliyasuka mwenyewe. Ukilitazama, tenga lilikuwa kama matenga mengine. Ukilijaza na yeye akalitikisa kidogo, machungwa yalishuka, ukaongeza, akatikisa tena, yakashuka tena. Nyumba zote alizopita walimjazia huku wakicheka.

Mwantumu hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mfupi, mkavu wa maneno, mumewe kalala ndani anakohoa. Alimwacha Sadala ajaze, atikise, ajaze, mpaka aliporidhika. Kisha akalipindua tenga lote chini, akaleta debe lake, akaanza kupima upya.

"Tenga lako lina mimba, kaka," alisema. "Hapa tunauza kwa debe."

"Kwemgunga nzima wameniuzia kwa tenga."

"Basi rudi kwao."

Sadala alipanda baiskeli akaenda zake polepole, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Alipofika kwenye kona aligeuza mwenyewe. Alinunua kwa debe, na lile tenga alilitupa pale pale uani kwa hasira, maana lilikuwa limeshajulikana. Mwantumu akaliingiza jikoni, kuku wakatagia humo. Tangu siku hiyo Sadala alinunua machungwa yake kila msimu, na kila msimu alitoka pale akiwa na faida ndogo kuliko alivyopanga. Hakumpenda. Alimheshimu, jambo ambalo katika kazi yake lilikuwa adimu zaidi.

Mumewe alikufa mwaka sabini na moja. Walimzika humo humo shambani, kati ya mistari ya michungwa, kama walivyozikwa baba yake na babu yake. Kule kwao kaburi ndiyo hati. Ukitaka kujua bonde ni la nani, unaulizwa amelala nani ndani yake.

Mwaka sabini na nne ndipo alipokuja Mhina.

Mhina alikuwa mkubwa wa chama wa tarafa ile, mtu wa kaunda suti ya kijivu na kifimbo cha mpingo, ambaye hata akikuomba maji ya kunywa ungedhani anakusomea hukumu. Watu wote wa Kwemgunga walitakiwa kuhamia Azimio, kijiji kipya kando ya barabara, penye udongo mwekundu mgumu na bomba ambalo maji yake yangekuja baadaye. Waliambiwa wiki mbili. Siku ya nne mgambo walifika na lori, wakaanza kuezua. Vyungu vilipasuka, kuku walikimbia, mahindi yaliachwa mabichi. Mwantumu alikalia kinu chake katikati ya uwanja. Mgambo wanne wakambeba yeye na kinu chake, wakampandisha kwenye lori, na Mhina akasimama pembeni akisema, "Mama, utanishukuru. Kule mtaishi pamoja, mtalima pamoja, mkifa mtazikana pamoja."

Machungwa ya msimu ule yaliozea mitini. Msimu uliofuata bonde la Kwemgunga lilitangazwa kuwa shamba la mfano. Msimu uliofuata tena, lilizungushiwa ua wa mkonge, na katikati yake ikasimama nyumba ya bati ya Mhina mwenyewe. Huo mfano ulikuwa wa nini, hakuna aliyeuliza.

Wala Sadala hakuuliza. Alikwenda kununua. Mhina hakujua kupima machungwa. Alijua kusaini karatasi. Sadala alitoa matenga yenye mimba, akatikisa, akajaza, akatikisa, na kwa miaka mitatu alipata faida ambayo Mwantumu hangemwachia hata ndotoni. Alinunua pikapu kuukuu. Ilimlazimu kupita Azimio kwenda na kurudi, na mara nyingi Mwantumu alikuwa kando ya barabara, anachuma mchicha uliodumaa kwenye udongo ule mwekundu.

"Salama, dada Mwantumu?"

"Salama. Machungwa yangu yana ladha gani siku hizi, Sadala?"

Sadala alikanyaga mafuta. Ndivyo alivyolijibu swali lile kwa miaka mitatu.

Mwaka sabini na sita Mhina aliondolewa kwenye kazi, kwa makosa ambayo hayakutajwa. Azimio walicheza ngoma siku mbili. Mtu mmoja alichinja mbuzi. Wanawake walimtungia Mhina maneno ambayo hayaandikiki. Lakini shamba alibaki nalo, na akahamia kule moja kwa moja, akakaa kwenye baraza ya nyumba ya bati akivimba miguu, mpaka Jumatano moja ya Februari mwaka sabini na nane alipokufa, kabla ya adhana ya adhuhuri.

Ilikuwa azikwe alasiri ile ile. Abdi, mwanawe mkubwa, alikuwa ameshachimbisha kaburi mle shambani. Lakini ikaja salamu kutoka mjini kwamba marehemu alikuwa kiongozi, ana historia yake, asizikwe mpaka ujumbe wa wakubwa ufike na bendera. Wakasubiri. Jua la Februari bondeni kule halihitaji kuelezwa. Alhamisi saa nne asubuhi, Sadala aliposhuka kwenye pikapu na kilo kumi za mchele wa rambirambi, ubani ulikuwa unafukizwa kwa kopo zima na harufu ilikuwa inaushinda.

Lakini harufu haikumchefua kama watu. Mle uani alimwona yule aliyechinja mbuzi mwaka sabini na sita. Alikuwa amejifunika uso kwa kanzu yake, analia kwa kwikwi. "Nguzo imeanguka," alikuwa akisema, "nguzo yetu imeanguka." Wanawake waliotunga yale maneno walikuwa wamejifunga kanga, wanaomboleza kwa zamu, na wanaopumzika walikuwa wakitazama sufuria za wali. Mgambo mmoja wa zamani alikuwa akisimulia jinsi marehemu alivyopenda watu. Karibu na ua wa mkonge alisimama Tiampati, mfugaji wa nyika ya Handeni, aliyewahi kutozwa ng'ombe wawili kwa ajili ya sherehe ambayo haikufanyika.

"Na wewe umekuja kuzika?" Sadala alimuuliza.

"Nimekuja kuhakikisha," alisema Tiampati.

Sadala aliona kwamba huyo ndiye mtu pekee msafi pale. Yeye mwenyewe hakuwa amekuja kwa machozi. Alikuwa amekuja kukamilisha na Abdi maneno ya machungwa ya msimu ule, maana miti ilikuwa imeanza kuzaa.

Kisha akaliona kaburi. Lilikuwa limechimbwa kati ya mistari ya michungwa, hatua sita kutoka kaburi la mume wa Mwantumu, ambalo juu yake walikuwa wamemwaga udongo mpya. Akaelewa mara moja. Huyu Abdi hakuwa anamzika baba yake tu. Alikuwa anagonga mhuri. Mhina akishalala mle, na baada yake mkewe, na mjukuu mmoja wawili, hakuna atakayeweza kusema tena Kwemgunga ilikuwa ya nani.

Wakubwa walifika saa sita, gari moja, watu watatu wenye jasho na leso puani. Jeneza likatolewa likawekwa uwanjani. Mwalimu Mdoe, aliyekuwa akifundisha watoto chuoni Azimio na kuwazika wakubwa wao, akasimama mbele ya watu kama kawaida.

"Ndugu zangu, mnamshuhudia vipi marehemu?"

"Mtu mwema!" watu wakaitikia kwa kishindo. Sadala naye aliitikia, na akajisikia kinywani kama amelamba sabuni.

"Aliyekosewa naye, amemsamehe?"

"Tumemsamehe!"

"Mimi bado."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Mwantumu alikuwa amesimama, kanga begani, mikono imelegea. Watu waligeuka. Mwombolezaji mmoja alikatiza kilio chake katikati.

"Mama," alisema Abdi, "hapa si mahali pake."

"Ndipo hasa. Kesho nitamwambia nani?"

"Sisi tutazungumza baada ya matanga, kifamilia—"

"Baada ya matanga atakuwa amelala miguuni kwa mume wangu. Mwalimu, umeuliza aliyekosewa. Nimejibu. Kama swali lilikuwa la kutania, niambie nikae."

Mwalimu Mdoe alishika ndevu zake. "Abdi, swali si la kutania," alisema taratibu. "Mtu akizuia radhi yake mbele ya jeneza, mimi silinyanyui. Malizaneni."

Mkubwa mmoja aliondoa leso puani. "Mama, elewa, ardhi ni ya umma."

"Vizuri. Umma ndio huu umejaa uwanja. Uulizeni hili bonde alipewa nani na nani."

Yule bwana alirudisha leso.

Hapo Sadala alisahau machungwa, akatazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Abdi alianza na mbuzi wawili. Mwantumu hakumjibu. Akaongeza: baada ya msiba, mistari mitatu ya upande wa mto iwe yake. Hakujibu. Akasema nusu ya bonde, kutoka kwenye mwembe mpaka kijitoni. Inzi walikuwa wametua kwenye shuka la jeneza, na mtu aliyekuwa akiwapepea alichoka akasogea mbali. Mwantumu alikaa chini akanyoosha miguu, kama mtu aliyekuja na chakula chake. Sadala alijua hesabu ile. Mmoja ana siku nzima, mwenziwe ana mzigo usiongoja saa.

"Unataka nini?" Abdi alifoka hatimaye.

"Bonde lote, uliseme mbele ya hawa. Na yeye akazikwe Azimio. Alituambia tukazikane kule. Naye aende."

"Baba yangu azikwe kwenye ule mwamba?"

"Mimi nimemzika mjukuu kwenye ule mwamba. Majembe mawili yalivunjika."

Abdi aliangaza macho, akamwona Sadala. "Mzee Sadala! Wewe ni mfanyabiashara, huna upande. Umenunua hapa miaka mitatu. Waambie, machungwa ya shamba hili ulinunua kwa nani?"

Watu wote wakamtazama. Kama angesema "kwa baba yako" akanyamaza, msimu ulikuwa wake, na misimu mingine mbele. Alipima. Alimtazama Abdi aliyekuwa akihema kwa mdomo ili asinuse, akamtazama Mwantumu aliyekuwa akifuta vumbi kwenye kidole cha mguu. Haikuwa huruma. Aliona tu nani anashinda.

"Miaka mitatu nimenunua kwa baba yako," alisema. "Miaka minane kabla yake, nilinunua kwa huyu. Kwa debe."

Basi ule uwanja ukageuka. Wale wale waliosema mtu mwema wakaanza: "Mpe mali yake!" "Mrudishie mama wa watu!" "Alitutesa huyu!" Yule wa nguzo imeanguka alifunua uso, macho makavu, akapaza sauti kuliko wote. Sadala alitema mate chini. Alikuwa ameona wateja wengi wanaobadili bei, lakini si kwa kasi ile, na mzigo wenyewe uko mbele yao.

Abdi akasema bonde lote ni la Mwantumu. Alisema kwa sauti ndogo, Mwalimu Mdoe akamtaka arudie, akarudia. Mwantumu akainuka, akajikung'uta.

"Nimemsamehe," alisema. Neno moja, kavu kama risiti.

Walimbeba Mhina mpaka Azimio kwa pikapu ya Sadala, maana gari la wakubwa lilikuwa limeshaondoka na bendera yake na hotuba isiyosomwa. Udongo mwekundu ulikuwa kama ulivyoelezwa. Wanaume walipokezana mpaka jua likashuka, wengi walitoroka mmoja mmoja kuufuata wali, na waliobaki walimtukana marehemu kwa kila pigo la sururu. Alizikwa kaburi fupi kuliko inavyotakiwa. Pikapu Sadala aliiosha mara nne, na kwa wiki mbili hakuna aliyekubali kupakia nazi zake humo.

Mwezi wa sita alikwenda Kwemgunga. Nyumba ya bati ilikuwa imeezuliwa. Abdi aliondoka na bati lake na milango. Michungwa zaidi ya thelathini ilikuwa imekufa, maana Mhina hakujua kupogoa wala kupalilia. Mwantumu alikuwa amejenga kibanda cha udongo, na kinu kilikuwa mlangoni. Lile kaburi tupu hakulifukia. Alikuwa amejaza samadi akapanda mgomba, nao ulikuwa umeshatoa majani mapana.

"Dada," Sadala alimuuliza wakati wanapima, "hivi ulimsamehe kweli?"

"Nilimuuzia. Ukishauza, kitu si chako tena. Wewe unalijua hilo."

Aliingia jikoni akatoka na lile tenga la mwaka sitini na sita, alilokuwa amehama nalo, limeoza kitako, lina manyoya ya kuku. Aliliweka miguuni pa Sadala.

"Chukua mali yako. Na miaka mitatu uliyonunua kwake kwa matenga ya namna hii, nitaifidia kidogo kidogo. Mwaka huu debe litakuwa la kichwa."

Debe la kichwa ni lile linalojazwa mpaka mlima usimame juu yake, na kwa kawaida anayelidai ni mnunuzi. Sadala alidhani anapewa mlima huo. Mwantumu akachukua debe, akalijaza mpaka usawa wa ukingo, akalifuta kwa kiganja, akataja bei ya debe la kichwa.

Sadala alipanda kwenye pikapu, akawasha, akaenda hatua ishirini. Hakuitwa. Akarudi kwa kinyumenyume, akalipa.