Kola ya Rozi

Kila asubuhi, kabla hajagusa ndoo, mama mkubwa Evodia alitia chumvi kiganjani akaenda kumlambisha Wifi.

Wifi ni ng'ombe. Alizaliwa hapa bandani Mnyuzi, mama yake akafa akimzaa, na mama mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, akamlea kwa chupa. Alimpa jina hilo kwa sababu ana madai kama wifi yake wa Kilole.

Mwaka huu Bwana Muhsin, mwenye banda, akaleta mashine ya kulishia. Kila ng'ombe alivishwa kola ya shingoni yenye namba yake. Akiingiza kichwa, mashine inaisoma kola na kummwagia pumba na mashudu kulingana na maziwa anayotoa. Fundi aliyekuja kuifunga aliuliza, "Mama, hapa wifi ipo?"

"Yupo. Yule pale anacheua."

Tulicheka hadi fundi akakaa chini. Baada ya hapo sikumbuki tena kicheko bandani.

Wifi alishazeeka, maziwa yamekata. Mashine ikamdondoshea kidogo tu, kama anayemfukuza ombaomba. Anasukuma pua, anangoja, hakitoki kitu. Nyasi alipata, lakini mbavu zikaanza kuonekana. Bwana Muhsin akasema Jumamosi Wifi anakwenda kwa mchinjaji.

"Na akinenepa je?" mama mkubwa aliuliza. "Si anaweza kushika mimba?"

"Mama, huyo ni bibi sasa. Mwache apumzike."

"Apumzike kwenye sufuria?"

Bwana Muhsin akaenda zake.

Jioni ile nilimwona mama mkubwa akimvua kola Rozi, ng'ombe anayeongoza kwa maziwa, akamvisha Wifi. Ya Wifi akamvisha Rozi. Alipogeuka akanikuta na ndoo zangu.

"Wewe hujaona kitu, eti?"

Kesho yake mashine ikammwagia Wifi chakula cha Rozi, kila alipoingiza kichwa, mchana kutwa. "Kula, mwanangu, kula," mama mkubwa anambembeleza. Tumbo lililozoea nyasi halikuyaweza mashudu yote yale. Kulipokucha Wifi amelala, tumbo limewambika kama ngoma, anasaga meno. Chumvi hakuitaka. Daktari wa mifugo alikuwa Handeni.

"Kisu!" Bwana Muhsin alipiga kelele. "Mwiteni Mzee Mdoe kabla hajafa!"

Aliyekimbia kumwita mchinjaji ni mama mkubwa mwenyewe, miguu peku, maana alishindwa kuyatazama yale mateso. Waliporudi, Mzee Mdoe aliinua kope la Wifi, akaliachia.

"Kibudu," alisema, akakiviringisha kisu kwenye kitambaa. Hakuwa wa kuliwa tena, ni wa kufukiwa.

Bwana Muhsin aliigeuza kola, akasoma namba, akamtazama mama mkubwa.

"Mashine haikukosea, mama."

"Najua, baba."

Akaivua ile kola, akaifuta kwa khanga, akamrudishia Rozi. Halafu akachota chumvi kwenye kopo, sijui ya nani, akaifumbata. Akatoka. Alifuata reli kuelekea Korogwe, ngumi imefumbwa vilevile, mpaka kona ikamficha.

Tuliulizia Kilole, kwa wifi yake. Hakufika.