Mzee Haitishi wa Nkubu

Salesio Kiambi, seremala wa Nkubu, alibandikwa jina la Haitishi na Naftaly, kijana aliyekodisha kanda za video karibu na soko. Kila Salesio aliporudisha kanda ya mazimwi au mizimu, Naftaly alimuuliza ilikuwaje, kisha akaliandika jibu kwa chaki mlangoni ili wateja wachague. "Wafu hawa wanajikokota, na bado wanawakamata vijana. Vijana hao hawajawahi kuchuma chai. Haitishi." "Nyumba inalia kwa sababu fundi hakupigilia mabati. Haitishi." Filamu moja tu, ya watu waliopotea angani, ndiyo iliyoponyoka hukumu hiyo: "Huko hakuna jirani wa kuomba chumvi. Inatisha."

Watu walimsifu kwa ujasiri. Hawakujua kwamba hukumu hizo zilikuwa za mkewe, Makandi, ambaye kisukari kilikuwa kimempofusha. Binti yao, Kathure, alikuwa ameolewa Embu, nao wakabaki wawili. Jioni Salesio aliunganisha televisheni na betri ya gari, akamsimulia mkewe kila kilichotokea, kwa Kimeru.

"Sasa zimwi limefika dirishani."

"Limevaa nini?"

"Halijavaa kitu, Mama Kathure."

"Na baridi hii ya Julai? Litakufa kabla ya kumfikia huyo msichana. Endelea, Baba Kathure, na uache kuniminya mkono."

Makandi alifariki mvua za masika zilipoanza. Muda mrefu baada ya mazishi, Salesio alikodi kanda moja, akitamani kusikia tena, walau moyoni, vile ambavyo mkewe angeihukumu. Ilimhusu mwanamke aliyetoka kaburini, akarudi kwake akabisha hodi. Mumewe akakomea mlango. Salesio aliisimulia yote kwa sauti, kando ya kiti kitupu. Ilipokwisha alingoja. Sauti ya Makandi aliikumbuka vyema, lakini maneno hayakuja.

Asubuhi Naftaly alishika chaki. "Ilikuwaje, Mzee Haitishi?"

"Yule mwanamume alikomea mlango."

"Si mke alikuwa maiti, Mzee? Hata mimi ningekomea."

"Wewe hujaoa."

Naftaly alicheka, kisha akauona uso wa mzee, akaacha. "Basi niandike kama kawaida?"

"Usiandike. Maneno yale yote yalikuwa ya Mama Kathure. Mimi nimekuwa nikiogopa tangu kanda ya kwanza."

Kijana aliweka chaki chini. Alimnyooshea kanda mpya. Salesio akaitazama picha ya jalada lake, akairudisha mezani kwa upole.

"Hiyo wape wengine, kijana wangu. Sina wa kumweleza."

Nyumbani alimimina maharagwe kwenye ungo. Makandi alipokuwa hai aliyachambua kwa vidole tu. Yeye ilimlazimu kusogea mlangoni penye mwanga. Alitoa vijiwe na punje mbovu bila haraka. Alipomaliza, aliyaosha mara mbili, akayatia sufuriani, akafunika.