Kishona Nguo na Salamu ya Papa

Utotoni mwangu huko Masisi, kishona nguo kilikuwa adui wa sketi zangu. Ua lake dogo la njano, lenye vipande vyeupe pembeni, halimtishi mtu, ila likikomaa hugeuka sindano zinazong'ang'ania nguo. Huota popote jembe lilipopita: kando ya njia, kwenye maharage, katika shamba lililolazwa bila kulimwa. Koko, bibi yangu aliyemzaa baba yetu, Papa, alikisifu kwa kuzuia damu, lakini kwa sharti: anayekwenda kukichuma asisalimie mtu wala asijibu salamu, la sivyo dawa hubaki njiani.

Siku hiyo mdogo wangu Espoir alijikata mguu kwa jembe, na kituo cha afya kilikuwa mbali. Koko aliubana mguu kwa mikono miwili, damu ikampita vidoleni.

"Kimbia, mama!" akaniambia. "Lete majani ya teketeke. Na kama muntu anakusalimia, usijibu!"

Karibu na nyumba hapakuwa na hata jani. Tulikuwa tumepalilia, tukang'oa yote. Nikateremka hadi shamba lililolazwa, kando ya barabara. Nilipokuwa nachuma, pikipiki ikasimama nyuma yangu.

"Furaha! Mutoto yangu!"

Alikuwa Papa. Alikwenda Walikale kuchimba madini kabla sijang'oka meno ya mbele, na majirani walishasema huko watu husahau nyumbani. Moyo uliniruka. Nikaendelea kuchuma, machozi yakinidondoka.

"Haunijuwe tena? Ni mimi, papa yako."

Nikijibu, Espoir atakufa. Nikinyamaza, Papa atapanda pikipiki arudi alikotoka. Ndivyo nilivyoamini, na dakika ile nilimchukia Koko.

Ghafla Papa naye akanyamaza. Alikuwa ameyaona majani mkononi mwangu. Akatupa mfuko wake chini, akapiga magoti kando yangu, akaanza kuchuma bila neno.

Tulipanda kilima mbio, kimya. Koko alimtazama mwanawe, akapokea majani, akayafikicha viganjani na kuyakamulia juu ya kidonda, kisha akafunga. Tukasubiri. Hatimaye kitambaa kikaacha kulowa.

"Sasa munaweza salimiana," Koko akasema. Papa alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma.

Siku hizi nadhani majani yale yangezuia damu hata kama ningeimba njia nzima. Lakini sharti la Koko silicheki. Majirani walisema Papa ametusahau, na mtu aliyesahau kwao asingejua kunyamaza vile.